Ukuta wa asili ya elementi: shajara ya mradi wa klabu ya sayansi, Mbeya

1 Februari

Ukuta tumepewa. Ni ule wa nje wa maabara, unaotazama uwanja wa mpira, na kabla ya mahafali tunatakiwa tuwe tumeujaza jedwali zima la elementi, kila kisanduku kikiwa na rangi ya mahali elementi yake ilikozaliwa angani. Wazo la rangi si letu. Jedwali la aina hii limeenezwa na mwanafalaki Jennifer Johnson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Cha kwetu ni rafu itakayokaa chini yake, yenye vitu vya Nyanda za Juu Kusini: chuma cha Kimondo cha Mbozi, makaa ya mawe ya Kiwira, dhahabu ya Chunya, niobiamu ya mlima Panda, neodimiamu ya Ngualla na heliamu ya Rukwa. Vingine vitakuwa picha tu. Hakuna wa kutupa dhahabu.

Maandishi yote yatakuwa ya Kiswahili, kwa kuwa wanaokuja mahafali ni wazazi.

Rangi tulizokubaliana: bluu kwa Mlipuko Mkuu (mwanzo wa ulimwengu), zambarau kwa mionzi ya anga, njano kwa nyota za kawaida zinazokufa taratibu, kijani kwa nyota kubwa zinazolipuka, kijivu kwa nyota mbilikimo nyeupe (masalia madogo ya nyota za kawaida) zinazolipuka, chungwa kwa nyota za neutroni (masalia yaliyobanana mno ya nyota kubwa zilizolipuka) zinapogongana. Nyeupe ni ya elementi zilizotengenezwa na binadamu.

8 Februari

Fundi amepiga msasa na rangi ya kwanza. Tumechora visanduku 118 kwa kamba na chaki. Namba kubwa katika kila kisanduku ni idadi ya protoni, na wanaklabu wamekubali bila ubishi kwamba ndiyo inayostahili kuwa kubwa. Mendeleev alipolipanga jedwali lake mwaka 1869 alifuata uzito wa atomu. Aliyeonyesha kwa vipimo vya eksirei kwamba kinachopanga foleni ni chaji ya kiini alikuwa Henry Moseley, mwaka 1913. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli, akiwa na umri wa miaka 27.

15 Februari

Kabla brashi haijagusa kopo nilitaka wauone ukubwa wa kiini, maana picha ya vitabuni, ile ya duara nono katikati na elektroni zikizunguka karibu karibu, imewakaa vichwani kama kweli. Tulikwenda uwanjani na ushanga wa upana wa sentimita 1. Atomu ya dhahabu ni pana kuliko kiini chake mara 20,000 hivi. Ushanga ukikaa kwenye mstari wa goli la kwanza, ukingo wa atomu unaangukia goli la pili, mita 100 mbele. Kati ya hapo na pale kuna elektroni 79 tu, ambazo hata ukizipima zote pamoja hazifiki sehemu moja ya 4,000 ya uzito wa atomu. Uzito wote umo kwenye ushanga: protoni 79 na neutroni 118.

Waliopewa kazi ya kuwa elektroni walikimbia mpaka wakachoka. Nikawaambia wasitafute njia za kuzungukia, kwa sababu elektroni haina njia kama ya sayari. Ina maeneo ambako uwezekano wa kuikuta ni mkubwa au mdogo. Hilo halikuwafurahisha.

Tukarudi kivulini kuzungumzia Manchester. Mwaka 1909 Hans Geiger na Ernest Marsden, wakifanya kazi chini ya Ernest Rutherford, walielekeza chembe za alfa kwenye metali zilizofuliwa zikawa nyembamba mno, dhahabu ikiwamo. Karibu zote zilipita. Chache sana, kama moja kati ya 8,000, ziligeuka zikarudi zilikotoka. Rutherford alikaa na jambo hilo hadi mwaka 1911 ndipo akatoa hesabu yake: lazima chaji chanya na karibu uzito wote viwe vimebanwa mahali padogo sana. Neutroni ilisubiri mpaka 1932, ilipogunduliwa na James Chadwick.

Wanafunzi huikariri hadithi hii kwa ajili ya mtihani na huishia kwenye dhahabu. Ni nadra mmoja kuuliza hiyo chembe ya alfa yenyewe ni nini. Ni kiini cha heliamu, protoni 2 na neutroni 2. Rutherford na Thomas Royds walikuwa wamelithibitisha kwa jaribio ninalolipenda kuliko lile la dhahabu: waliifungia gesi ya radoni ndani ya mrija wa kioo chembamba kiasi kwamba alfa ziliweza kupenya ukuta wake, wakangoja siku kadhaa, na nje ya mrija, palipokuwa hapana kitu, ikakutwa gesi inayotoa mwanga wa heliamu. Naliandika hapa kwa sababu tutalihitaji tukifika Rukwa.

22 Februari

Leo mwanga. Boksi la viatu, kipande cha sidii, nyembe mbili za kutengeneza ufa mwembamba, basi, una chombo cha kupasua mwanga. Tulinyunyiza chumvi ya Uvinza kwenye mwali wa jiko la spiriti, na mstari wa njano wa sodiamu ukatokea palepale, nanomita 589. Kisha karatasi nyeupe ikawekwa juani (jua lenyewe tumekatazana kabisa kulitazama) na kwa walioweza kuubana ufa vizuri, mistari myeusi ikaonekana ndani ya rangi. Kila mstari ni elektroni zilizokunywa mwanga wa rangi yake maalumu ili zipande ngazi. Hivyo ndivyo tunavyojua nyota imeundwa na nini bila kuifikia.

Kwa njia hiyo heliamu ilionekana kwenye jua kabla ya kupatikana duniani. Mstari wake ulibainika katika vipimo vya mwaka wa kupatwa kwa jua wa 1868. William Ramsay aliipata kwenye jiwe lenye urani mwaka 1895. Wamenukuu yote mawili daftarini.

Mwanafalaki Cecilia Payne nilimsimulia kirefu. Mwaka 1925, katika tasnifu yake aliyoiandika Harvard, alipiga hesabu za mistari hiyo na kukuta kwamba nyota ni hidrojeni tupu na heliamu, vingine vyote ni chembechembe tu. Mkubwa wa fani wakati huo, Henry Norris Russell, alimwambia haiwezekani, na Payne akaandika ndani ya tasnifu yake mwenyewe kwamba matokeo hayo karibu hakika si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell alifika palepale kwa njia nyingine, akakubali. Wasichana wa kidato cha nne wameomba jina la Payne liandikwe ndani ya kisanduku cha hidrojeni. Limeandikwa, kwa herufi kubwa kuliko nilivyopanga.

1 Machi

Rangi ya kwanza ukutani: bluu kwa hidrojeni na heliamu. Ndani ya dakika 20 hivi za mwanzo wa ulimwengu viini vilikuwa vimeshapikwa, na kwa uzito robo tatu ilibaki hidrojeni, robo ikawa heliamu, na punje ya lithiamu. Basi. Ulimwengu ukaendelea kutanuka na kupoa, moto ukazimika.

Kwa nini haukuendelea? Kwa sababu hakuna kiini imara chenye chembe 5 (protoni na neutroni kwa jumla), wala chenye chembe 8. Ongeza protoni kwenye heliamu, inatoka. Unganisha heliamu mbili upate beriliamu-8, yaani yenye chembe 8, inapasuka kabla haijatimiza hata sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde. Daraja limevunjika mahali pawili, na Mlipuko Mkuu haukuwa na muda wa kulijenga.

Nyota zina muda. Ndani ya nyota iliyozeeka, kwenye joto la kama digrii milioni 100, heliamu ya tatu huwahi kuigonga beriliamu-8 kabla haijapasuka, na kaboni huzaliwa. Ila hata hivyo hesabu zilikuwa zinatoa kaboni kidogo mno. Mwaka 1953 mwanafalaki Fred Hoyle alifika California akawaambia wataalamu wa viini wa huko kwamba lazima kiini cha kaboni kiwe na ngazi ya nishati karibu na MeV 7.65 (MeV ni kipimo cha nishati ya viini), la sivyo kaboni iliyopo isingekuwepo. Walimwona wa ajabu. Ward Whaling na wenzake wakapima, wakaikuta. Mwaka 1957 Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge, William Fowler na Hoyle wakachapisha makala ndefu iliyoeleza karibu mapishi yote ya elementi ndani ya nyota, na bado ndiyo msingi wa rangi tunazopaka.

Kipande cha makaa ya Kiwira kimeshakaa kwenye rafu. Kaboni yake: njano, na mshazari mpana wa kijani, kwa kuwa nyota ndogo na kubwa zote zinachangia.

Beriliamu na boroni zimepata zambarau. Nyota huviteketeza viini hivi, huwezi kuzilaumu kwa kuvizaa. Vingi vinatokana na kaboni, nitrojeni na oksijeni kupasuliwa na mionzi ya anga huko nje, mahali penye baridi na utupu. Lithiamu ina rangi tatu na imemchosha mpakaji.

8 Machi

Mvua. Hakuna kilichofanyika. Turubai limeshikilia.

15 Machi

Mbozi. Tuliiacha barabara ya Tunduma tukaingia njia ya vumbi, ambayo leo ilikuwa njia ya tope. Kimondo kimekaa juu ya udongo ulioachwa kama kiti baada ya kuchimbwa pembeni, urefu kama mita 3, uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walikuwa wanakifahamu. Kwenye maandishi ya kisayansi kiliingia mwaka 1930. Chuma ni karibu asilimia 90, nikeli karibu 9. Shimo la kuangukia halipo, kwa hiyo kilianguka zamani za kutosha kwa mvua na udongo kulifuta.

Mwongozaji alituonya tusikwaruze, akatuachia tujaribu sumaku. Ikanata. Mmoja akauliza kwa nini chuma hiki kina nikeli ndani yake na nondo za dukani hazina. Swali zuri. Chuma hiki kilikuwa kiini cha kijisayari kilichoyeyuka zamani jua lilipokuwa changa, metali zikazama katikati, kikapoa polepole kwa mamilioni ya miaka, halafu kikavunjwavunjwa kwa kugongana na vingine. Chuma na nikeli huzama pamoja, kwa hiyo viko pamoja.

Jibu la ndani zaidi niliwapa kwenye basi. Chuma-56, kilicho kingi kuliko aina zote za chuma, kwa sehemu kubwa hakikuzaliwa kikiwa chuma. Nyota inapolipuka, joto huunganisha viini kwa vipande vya ukubwa wa heliamu mpaka nikeli-56, yenye protoni 28 na neutroni 28. Hiyo haidumu. Nusu yake inageuka kobalti ndani ya siku 6, na nusu ya kobalti inageuka chuma ndani ya siku 77. Nyota ilipolipuka kwenye Wingu Kubwa la Magellan mwezi Februari 1987, watu waliokuwa kusini mwa ikweta waliiona kwa macho, na mwanga wake ulififia kwa kasi ileile ya kobalti kuoza. Hata miali ya gama ya kobalti ilipimwa. Nikeli tuliyoigusa Mbozi ni nyingine, aina imara.

Basi likawa kimya kidogo, kisha kijana wa kidato cha pili akasema: "Mwalimu, kwa hiyo tulichoandika ukutani ni jina lake la sasa tu." Sikuwa na la kuongeza. Chuma tumekipa kijivu, na ukanda wa kijani.

22 Machi

Chungwa. Kopo la chungwa ni ghali kuliko mengine, jambo lililowafurahisha waliokuwa wanapaka dhahabu.

Zaidi ya chuma, kuunganisha viini hakuzai nishati, kunaila. Kinachobaki ni kulishwa neutroni, ambazo hazina chaji ya kusukumwa nje. Kuna kulishwa polepole, ndani ya nyota nyekundu zilizozeeka: kiini kinameza neutroni moja, kama hakitulii kinaigeuza kuwa protoni, halafu miaka inapita kabla ya nyingine kuja. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa sehemu kubwa ya bariamu na strontiamu. Na kuna kulishwa kwa kasi, ambapo neutroni zinaingia nyingi kabla kiini hakijapata nafasi ya kutulia. Huko ndiko dhahabu, platinamu na urani.

Kasi hiyo inatokea wapi? Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO na Virgo ilinasa mawimbi ya mvutano ya nyota mbili za neutroni zikizungukana mpaka kugongana, katika galaksi NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi. Sekunde 1.7 baadaye ukafika mmweko wa gama. Darubini za dunia nzima zikageukia huko, na mwanga uliofuata ulikuwa na dalili za elementi nzito zilizokuwa mbichi kabisa. Mwaka 2019 mistari ya strontiamu ilitambuliwa ndani ya mwanga huo. Dhahabu haikuonekana kwa mstari wake wenyewe, inatokana na hesabu, na nimesisitiza kibandiko kiseme "inakadiriwa". Nyota zenye usumaku mkali kupindukia nazo zinatajwa kuchangia, kutokana na mmweko mkubwa wa Desemba 2004, kwa hiyo kisanduku kina kona ndogo isiyopakwa.

Nyota za neutroni zina uhusiano na pwani yetu pia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya kwanza iliyojengwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyosaidia kuonyesha kwamba baadhi ya vyanzo vya eksirei ni nyota za neutroni zinazonyonya gesi ya nyota jirani. Tumeichora pembeni.

Kuhusu Chunya: dunia ilipokuwa imeyeyuka, dhahabu nyingi ilizama na chuma kwenda katikati. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba sehemu kubwa ya tunayochimba ililetwa na vimondo vilivyoanguka baadaye.

29 Machi

Niobiamu ya mlima Panda: njano kwa wingi. Nayo ilizaliwa na jina jingine, kwa kuwa kulishwa polepole huzaa kwanza zirkoniamu-93, inayooza kuwa niobiamu kwa nusu-maisha (muda wa nusu yake kuoza) ya kama miaka milioni 1.5. Neodimiamu ya Ngualla: njano na chungwa, karibu nusu kwa nusu.

Ile sumaku tuliyoenda nayo Mbozi tulikuwa tumeing'oa kwenye kompyuta mbovu. Sumaku za aina hiyo ni neodimiamu, chuma na boroni. Binti mmoja amegundua kwamba kipande hicho kidogo kinabeba karibu rangi zote za ukuta isipokuwa bluu, akaomba kiwekwe rafuni katikati, mbele ya picha ya kimondo. Kimewekwa.

5 Aprili

Rukwa, na ugomvi wa mwezi mzima.

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina heliamu nyingi. Kisanduku cha heliamu ni bluu tangu Machi. Swali lililokuja ni lile nililokuwa nalisubiri: heliamu ya Rukwa nayo ni ya Mlipuko Mkuu?

Si hiyo. Heliamu ni nyepesi mno, hewa haiwezi kuishikilia, huvuja angani. Ya Rukwa imetolewa na urani na thoriamu zilizomo kwenye miamba ya kale sana. Urani-238 moja ikishuka hadi kuwa risasi-206 hutema chembe za alfa 8, na thoriamu-232 hutema 6. Kila alfa hupora elektroni mbili kwa jirani, inakuwa atomu ya heliamu, kama ndani ya mrija wa Rutherford na Royds. Imekaa ndani ya jiwe mpaka joto la volkano za Bonde la Ufa likaifungulia. Kwa maneno mengine, heliamu ya Rukwa ni mtoto wa rangi ya chungwa.

Kundi moja likataka kisanduku kipakwe upya. Kundi la pili likasema jedwali ni la ulimwengu, Rukwa haipimiki mbele ya nyota zote. Kisha yule yule wa kidato cha pili akasema hata alfa zenyewe, protoni zake zilitoka mwanzo kabisa, kwa hiyo ukuta wote upakwe bluu twende nyumbani. Kicheko, lakini kwa protoni anasema kweli: nyota hazizibuni, zinazipanga, na nyingine zinazigeuza kuwa neutroni. Neutroni za mwanzo ambazo hazikuingia kwenye heliamu ziliisha haraka, maana nusu ya neutroni zilizo huru huoza ndani ya dakika kama 10. Nyingi zilizomo kwenye chuma cha Mbozi zilikuwa protoni kwanza.

Uamuzi: rangi ya kisanduku ni ya ulimwengu, na pale ambapo tuliyonayo duniani ina historia tofauti tunaweka nukta kubwa ya rangi ya pili. Heliamu: bluu yenye nukta ya chungwa. Agoni nayo imepata nukta, kwa sababu angani ni kazi ya nyota kubwa, lakini katika hewa tunayovuta zaidi ya asilimia 99 yake ni agoni-40, iliyotokana na potasiamu-40 kuoza ndani ya miamba. Risasi itapata nukta pia.

12 Aprili

Nukta zimekauka. Bishano la mwisho lilikuwa teknetiamu, namba 43. Ilipatikana mwaka 1937 kwa kutengenezwa, na aina zake zote zinaoza, hivyo wengi waliipigia kura nyeupe. Ila mwaka 1952 mwanafalaki Paul Merrill aliiona kwenye mwanga wa nyota nyekundu zilizozeeka, nyota zenye umri mkubwa kuliko muda ambao teknetiamu yoyote inaweza kudumu. Maana yake ilikuwa inapikwa humohumo, na huo ulikuwa ushahidi wa wazi kwamba nyota zinazaa elementi hata sasa. Kura zimerudiwa: njano, nukta nyeupe.

Njano iliyobaki kwenye kopo inatosha kisanduku hicho. Bado vibandiko vya rafu, kioo cha kufunika makaa ya Kiwira yasichafue mikono ya wageni, na vanishi, ambayo fundi amesema haigusi ukuta mpaka mvua ipumzike.